Mashimo 31 ya Bao na Jumla Iliyogoma Kupanda

Jioni moja ya Desemba 2018 nilichapisha karatasi tatu za malipo ya korosho, kila moja ikiwa na jina la chama chake cha msingi juu na jumla ya fedha chini, na jumla zote tatu zilikuwa zilezile: shilingi 2,147,483,647. Nilidhani nimechapisha karatasi moja mara tatu. Nikalinganisha majina ya wakulima, nikalinganisha uzito wa kila mmoja, nikaona kila karatasi ina watu wake na kilo zake, isipokuwa mstari wa mwisho ambao ulikuwa mmoja kwa wote.

Wakati huo nilikuwa karani wa muda katika ghala moja upande wa Tandahimba, mkoani Mtwara. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nikaahirisha mwaka wa kwanza wa chuo kwa kukosa ada, na ndugu mmoja akanitafutia kazi ya kunakili uzito kutoka kwenye vitabu vya mizani na kuuingiza kwenye kompyuta. Msimu wenyewe ulikuwa mgumu. Wakulima walikuwa wamekataa bei za mnada, na Novemba serikali ikatangaza kwamba itanunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Kila mtu alikuwa akisubiri fedha, na kila karatasi iliyotoka ofisini ilisomwa na macho mengi kuliko ilivyokuwa desturi.

Mzee mmoja, mjumbe wa bodi ya chama kimojawapo, alikuja kuchukua nakala yao. Aliishika karatasi mbali na uso kama wafanyavyo wasio na miwani, akaisoma jumla tarakimu kwa tarakimu, kisha akaichukua na ile ya chama jirani iliyokuwa juu ya meza. Aliniuliza kwa upole ulionitisha kuliko ukali: "Mwanangu, sisi na wenzetu wa ng'ambo ya barabara tumelingana mpaka ile shilingi saba ya mwisho?"

Sikuwa na jibu, lakini swali lake lilinifanya nitazame mahali ambapo sikuwa nimepatazama, yaani mwisho wa namba badala ya mwanzo wake. Mtu akiona bilioni mbili huangalia bilioni. Tarakimu za mkiani huziacha kama vumbi la ghalani. Mkia wa namba ile ulikuwa 47. Mizani yetu ilikuwa ikiandika kilo nzima, korosho zote za orodha ile zilikuwa za daraja la kwanza, na bei ilikuwa moja. Kilo zozote zile ukizizidisha kwa 3,300 lazima zikupe namba inayoishia na sifuri mbili, kwa sababu ndani ya 3,300 kuna mia moja, na mia ikishaingia haitoki. Jumla inayoishia na 47 kabla ya makato, basi, haikuwa jumla yenye kosa dogo la kunakili. Ilikuwa namba isiyoweza kuzaliwa na mizani yetu kwa njia yoyote.

Nikaendelea kuipima kwa vigawanyo vingine vya 3,300. Hiyo ni 4 mara 3 mara 25 mara 11, kwa hiyo jumla ya kweli ilipaswa kugawanyika kwa kila kimoja bila baki. Kwa tatu, unajumlisha tarakimu: mbili, moja, nne, saba, nne, nane, tatu, sita, nne, saba, zinafika 46, na 46 haigawanyiki kwa tatu. Kwa kumi na moja, unaanzia kulia ukijumlisha tarakimu moja na kutoa inayofuata mpaka mwisho. Unapata 12, nayo haigawanyiki kwa kumi na moja. Namba ilikuwa witiri, kwa hiyo mbili nayo imekataa, na tano imekataa kwa kuwa mwisho si sifuri wala tano. Ilikataa vyote. Nilimwambia mzee: "Baba, hii namba si yenu wala si ya wenzenu. Sijui ni ya nani, lakini korosho haziwezi kuitoa." Alinitazama kidogo, akaikunja karatasi, akasema atarudi kesho na mwenyekiti.

Usiku ule nilikaa na vitabu vya mizani na taa ya kuchaji, nikajumlisha kilo kwa mkono. Chama cha kwanza kilikuwa na kilo 736,700, cha pili kilo 812,345, cha tatu kilo 658,120. Ukizidisha kwa bei unapata shilingi 2,431,110,000, na 2,680,738,500, na 2,171,796,000. Kompyuta ilikuwa imemeza shilingi 841,193,559 za vyama vitatu bila kutoa hata onyo. Chama cha nne, kidogo kuliko wenzake, kilikuwa na kilo 402,316, na jumla yake ya shilingi 1,327,642,800 ilikuwa imechapishwa sawasawa mpaka sifuri ya mwisho. Hapo nikaona kwamba mashine haikukosea kuzidisha. Ilikuwa ikipanda vizuri, na ikifika mahali fulani inasimama.

Kabla ya kulala nilifanya jambo moja la udadisi tu. Niligawa ile namba ya ajabu kwa 3,300 nione ingekuwa kilo ngapi. Ikatoka kilo 650,752, na shilingi 2,047 zikabaki. Nikaziandika pembeni ya daftari: *baki 2,047*. Sikujua kwa nini nimeziandika, na miaka kadhaa ilipita kabla sijaelewa kwamba baki ile haikuwa ya bahati.

Asubuhi yake mambo hayakuwa rahisi kama nilivyotarajia. Mwenyekiti wa chama kimoja alisema karani aliyeweza kuonyesha kosa haraka namna ile huenda ndiye aliyelitia, na nikakatazwa kugusa vitabu vya mizani mpaka fundi wa programu apatikane. Siku nne nilikaa kwenye benchi nje ya ghala nikihesabu magunia yanayopakiwa, kazi ambayo hakuna aliyenituma. Fundi alipopatikana kwa simu alisema maneno machache: safu ile ya jumla ndipo inapoishia, haiwezi kupanda zaidi ya hapo. Aliibadilisha, jumla zikatoka kama zangu za mkono, nami nikarudishiwa vitabu bila mtu kusema neno. Sina kinyongo nao sana. Watu walikuwa wakingoja fedha za mwaka mzima.

Lakini "ndipo inapoishia" halikunitosha. Kwa nini iishie hapo? Mtu akitengeneza kikomo huchagua bilioni mbili, au bilioni kumi, au tarakimu tisa tisa mpaka mwisho. Nani achague mkia wa elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba?

Jibu nililipata Newala, kwa babu, juu ya bao.

Babu yangu ni mtu wa bao la kete 64. Alasiri akishaswali hukaa chini ya mwembe ulio nyuma ya nyumba, na asipopata mpinzani hucheza pande zote mbili mwenyewe. Nilikwenda kumsalimia mwisho wa mwaka, nikamkuta hana mpinzani. Nikampa shikamoo, nikamweleza kisa chote, na katika kueleza nikakumbuka habari ya zamani ya mtu aliyeomba punje za nafaka juu ya ubao wa sataranji, moja kwenye chumba cha kwanza, mbili cha pili, nne cha tatu, kila mara maradufu. Babu akasema tuone. Akamwaga kete pembeni, tukachukua debe la korosho ghafi.

Shimo la kwanza korosho moja. La pili mbili. La tatu nne, la nne nane, la tano kumi na sita. Kufika la sita, korosho 32 zilikuwa zimejaa mpaka zinadondoka, kwa hiyo za shimo la saba na la nane tulizilundika chini, mbele ya mashimo yake. Safu moja ya bao ina mashimo manane, na safu ile ya kwanza ilimaliza korosho 255, kama kilo moja na robo hivi, kwa kuwa kilo moja ya korosho zetu huchukua kiasi cha korosho 200. Hapo babu aliniambia niache kupanga, nihesabu kwa kichwa, maana debe lisingetosha.

Nikahesabu kwa kalamu. Ukimaliza safu ya pili, yaani mashimo 16, umetumia korosho 65,535, ambazo ni magunia manne ya kilo themanini. Ukimaliza ya tatu, mashimo 24, umetumia korosho 16,777,215, ambazo ni karibu tani 84. Nikaendelea na safu ya nne. Jumla ya mashimo yote mpaka la 31 ilipotoka kwenye kalamu nililiweka daftari chini. Ilikuwa 2,147,483,647.

Korosho zenyewe zingekuwa tani 10,737, lakini si uzito ulionishangaza. Nilikuwa nimeona jumla ile kwenye karatasi tatu, nikaigawa, nikaitukana, nikaadhibiwa kwa ajili yake, na sasa ilikuwa imetoka yenyewe kwenye bao la babu kwa kujaza mashimo 31 na kuliacha moja. Babu alilitazama lile shimo la mwisho, ambalo kwa zamu yake lingetaka 2,147,483,648. Akasema, "Huyu wa mwisho peke yake anawashinda wenzake wote kwa kete moja." Ndivyo ilivyo, na ni kweli kwa shimo lolote: la nne lina nane, yaliyolitangulia yana saba, la kumi lina 512, yaliyolitangulia yana 511.

Nilipokuja kusoma kompyuta chuoni, mhadhiri alitumia somo zima kueleza jambo ambalo mimi nilikuwa nalo tayari. Kompyuta huandika namba kwa sifuri na moja tu, na nafasi moja ya kuwekea sifuri au moja huitwa biti. Programu nyingi huipa namba nafasi ya biti 32, idadi ileile ya mashimo ya bao. Kila biti ina thamani maradufu ya iliyo kabla yake. Biti 31 hubeba kiasi, na ile ya 32 huwekwa kando kubeba alama, kuonyesha kama namba ni chanya au hasi, kama ile nyumba ya bao ambayo ni shimo miongoni mwa mashimo lakini ina sheria zake. Namba kubwa kabisa inayoandikika ni moja katika mashimo yote 31. Ukiongeza moja tu juu yake, zote zinageuka sifuri, moja inahamia kwenye shimo la alama, na programu isiyo na kizuizi itasoma hasi 2,147,483,648. Ya kwetu ilikuwa na kizuizi, ikawa inakwama ukingoni. Sijui ni lipi lingekuwa baya zaidi kwa yule mwenyekiti, kulingana na jirani mpaka shilingi saba, au kuambiwa kwamba chama chake kilichouza korosho kinadaiwa mabilioni.

Kuna jambo moja ambalo mhadhiri hakuligusa, nami nililifuata mwenyewe. Namba ile ni tasa. Haigawanyiki kwa namba yoyote isipokuwa moja na yenyewe, kwa hiyo vile vigawanyo vilivyokataa jioni ile Tandahimba vilikuwa mwanzo tu wa kukataa kwake. Majirani zake hawafanani naye hata kidogo. Anayemtangulia, 2,147,483,646, ni 2 × 3 × 3 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331, na ana vigawanyo 192. Anayemfuata ameundwa kwa mbili tupu, mbili mara mbili mara mbili mpaka mara 31. Katikati yao amekaa huyu asiyegawanyika.

Aliyethibitisha utasa wake ni mwanahisabati Leonhard Euler, mwaka 1772, akiwa Saint Petersburg, wakati macho yake yalikuwa karibu kuzimika kabisa. Mfaransa Marin Mersenne alikuwa ameitaja mwaka 1644 katika orodha yake ya namba za mtindo huu, mbili zikizidishwa zenyewe mara kadhaa kisha ukatoa moja. Orodha ile, hata hivyo, ilikuwa na makosa: ilikuwa na kipeo cha 67, yaani mbili 67 zikizidishwa kisha ukatoa moja, na mwaka 1903 Frank Nelson Cole alionyesha kwamba namba hiyo ni 193,707,721 mara 761,838,257,287. Kutajwa na Mersenne, kwa hiyo, hakukuwa ushahidi. Namba ya Euler ilibaki kuwa namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana kwa miongo mingi.

Nilipoanza kufundisha hisabati katika shule moja ya sekondari mjini Mtwara, niliwapa wanafunzi wachache wa kidato cha tatu kazi ya kurudia alichofanya Euler, baada ya vipindi, kwa hiari. Kwa njia ya kawaida ungejaribu kugawa kwa kila namba tasa mpaka kufikia kipeuo cha pili, ambacho ni 46,340 na ushei, kwa sababu namba ikigawanyika lazima kigawanyo kimojawapo kiwe chini ya hapo. Ni kazi ya kuchosha. Kikokotoo cha tarakimu nane, ambacho ndicho wengi wao walikuwa nacho, hakiwezi hata kuipokea namba yenyewe. Tukarudi kwenye bao.

Chukua 311. Unataka kujua kama inaigawa namba yetu. Anza na moja, ongeza maradufu, na kila unapozidi 311 toa 311. Tuliandika ubaoni: 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128, 256, inayofuata ni 512, toa 311, inabaki 201, kisha 91, 182, 53, 106, 212, 113, 226, 141, 282, 253, 195, 79, 158, 5, 10, 20, 40, 80, 160, 9, 18, 36. Hapo umeongeza maradufu mara 31. Kama 311 ingekuwa kigawanyo, hatua ya 31 ingeturudisha kwenye moja tulikoanzia, kama kete inayozunguka bao na kuangukia shimo ilikotoka. Tumeishia 36. Toa moja, inabaki 35, na hiyo ndiyo baki ya kugawa 2,147,483,647 kwa 311. Binti mmoja aliyekuwa na simu ya kaka yake alihakikisha: 311 mara 6,905,092, jumlisha 35. Hakukuwa na namba kubwa kuliko mia sita ubaoni, na tulikuwa tumeigawa bilioni mbili.

Katika kuzunguka huku ndimo ilimo siri ya Euler. Kama namba tasa fulani ni kigawanyo, mzunguko wake wa maradufu unarudi kwenye moja kwa hatua 31 kamili. Haiwezekani chini ya hapo, kwa kuwa 31 yenyewe ni tasa na haigawiki katika mizunguko midogo. Mwanahisabati Fermat alikwishaonyesha, kabla ya Euler, kwamba kwa namba tasa yoyote isipokuwa mbili mzunguko wa maradufu hurudi kwenye moja ukifanya hatua pungufu kwa moja ya namba yenyewe. Basi 31 lazima iigawe hiyo namba ikishapunguzwa moja, na kwa kuwa namba ni witiri, 62 nayo inaigawa. Ukiongeza sharti jingine linalohusu baki ya kugawa kwa nane, ambalo sikuwaeleza wanafunzi kwa kuwa lingetuchukua muhula mzima, zinabaki namba za aina mbili tu za kujaribu: zile ambazo ukizigawa kwa 248 inabaki 1, na zile ambazo inabaki 63. Kufikia 46,340, ukiiacha 1 yenyewe, ziko 373. Nyingi kati yake zinajitupa zenyewe: 249 ni tatu mara 83, 497 ni saba mara 71, 559 ni 13 mara 43. Mwanzoni mwa orodha zinabaki 311, 1,303, 1,489. Mtu mwenye subira na kalamu anaweza kumaliza.

Kijana mmoja, mtoto wa mvuvi wa Mikindani, aliuliza swali ambalo nilikuwa nikilingoja bila kujua. Je, kuna namba ambayo mzunguko wake hurudi? Nikamwambia ajaribu 23 kwa mashimo 11. Akaandika: 1, 2, 4, 8, 16, 9, 18, 13, 3, 6, 12, 1. Imerudi. Maana yake mashimo 11 ya bao, ambayo jumla yake ni 2,047, yanagawanyika kwa 23. Na kweli, 23 mara 89 ni 2,047. Kumi na moja ni tasa, 31 ni tasa, lakini moja imetoa namba inayogawanyika na nyingine imetoa isiyogawanyika.

Niliitazama 2,047 ubaoni kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili darasa. Kisha nikakumbuka daftari la Tandahimba.

Jioni nililitafuta kwenye sanduku, nikalikuta, *baki 2,047* pembeni mwa ukurasa. Nilikuwa nimegawa jumla ya mashimo 31 kwa bei ya korosho ikabaki jumla ya mashimo 11, na nilikuwa nimeishi na jambo hilo miaka yote hiyo nikidhani ni chenji. Ilinichukua saa moja kuona sababu. Bei ya 3,300 ni nne mara 825. Ongeza maradufu mara 20 unapata 1,048,576, na ukitoa moja inabaki 1,048,575, ambayo ni 825 mara 1,271 kamili. Kwa hiyo katika ulimwengu wa 825 hatua ishirini za maradufu ni mzunguko mzima, unarudi ulikoanzia. Hatua 31 ni hatua 11 pamoja na mzunguko mmoja, na ile nne inamezwa na mbili zilizomo katika hatua kumi na moja za mwanzo. Hesabu ya 31, ikipimwa kwa 3,300, haina namna ila kuishia mahali inapoishia hesabu ya 11. Serikali ingetangaza bei nyingine Novemba ile, huenda baki ingekuwa nyingine na mimi nisingekuwa na la kuandika hapa.

Namba hii ina mambo mengine ambayo nayapenda kidogo zaidi kuliko yanavyonifaa. Ukiizidisha kwa mbili iliyojizidisha mara 30 unapata 2,305,843,008,139,952,128, na namba hiyo ni sawa na jumla ya vigawanyo vyake vyote vilivyo pungufu yake, kama 6 ilivyo sawa na 1 na 2 na 3. Mwingereza Peter Barlow aliandika mwaka 1811 kwamba hiyo itakuwa kubwa kuliko zote zitakazopatikana za aina yake, kwa kuwa hazina faida na hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha utasa wa namba ya mashimo 127, na hiyo nayo huzaa ya kwake iliyo kubwa mno kuliko ile. Watu hujisumbua.

Kuna tarehe pia. Kompyuta nyingi zilihesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa 1970 kwa biti 32, na sekunde ya 2,147,483,647 itaangukia Januari 19, 2038, saa kumi na mbili na dakika kumi na nne na sekunde saba za asubuhi kwa saa zetu, jua likiwa ndiyo kwanza linatoka baharini hapa Mtwara. Mashine zisizobadilishwa zitapinduka zirudi 1901. Nimewaambia wanafunzi watakaokuwa serikalini na benki wakati huo wanikumbuke.

Orodha ya 373 tuliimaliza wiki tatu kabla ya likizo. Namba mbili za mwisho hazikuhitaji kujaribiwa: 46,129 ni 163 mara 283, na 46,191 ni tatu mara 89 mara 173. Kijana wa Mikindani aliizungushia 89 duara, kwa kuwa alikwishaiona kwenye 2,047, akaandika chini ya ukurasa "haigawanyiki" na tarehe ya siku ile.

Likizo nilikwenda Newala nikampa babu habari. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akauliza: "Yaani mmeigawa siku zote hizo ili mjue haigawanyiki?" Nikamwambia ndivyo, babu, na Euler kabla yetu. Akacheka, akanisogezea bao, akaanza yeye kunamua.